Kupekuliwa kila mwaka: CRB, cheti cha tabia njema na KRA kwa wakala huru wa bima, Mombasa

Wakala_Makupa

Assalam aleikum jamaa. Swali langu ni la mawakala huru, si waajiriwa: mtu ana leseni ya IRA (mamlaka ya kusimamia bima), ana mikataba na kampuni mbili au tatu za bima, anauza za magari, za nyumba na za mizigo. Karatasi za kumchunguza wakala zilikuwa zikiombwa siku ya kusaini mkataba tu, basi. Sasa barua za kuhuisha mkataba zinazitaka kila mwaka: cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), taarifa ya CRB (kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu), cheti cha kodi cha KRA (mamlaka ya mapato), na juu yake fomu ya idhini inayosema kampuni inaweza kunipekua "wakati wowote itakapoona inafaa".

Naomba wenye ujuzi wanieleze mambo matatu. Moja, karatasi hizi zifuatwe kwa mpangilio gani ili Desemba isinikute bila kitu mkononi? Pili, kampuni ikifungua CRB inaona nini hasa, na ni kipi kinachomwangusha wakala? Tatu, ile fomu ya "wakati wowote" nitie saini tu au kuna la kusema?

MezaYaBima

Waaleikum salaam ndugu. Kwanza tenganisha vitu viwili, maana watu huvichanganya halafu hulalamika mlango usio wao. Leseni ni ya IRA, na inakwisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, hata kama uliipata Agosti. Mkataba wa uwakala ni wa kampuni, nao una masharti yake, na upekuzi unaouliza unatoka huko. Kwa hiyo barua ya kampuni moja haitoshi kukuongoza. Chukua zote tatu, uandike kwenye karatasi moja kila kampuni inataka nini na cheti kisiwe na umri gani. Ikiwa mmoja anakubali cheti cha mwaka mzima na mwingine anataka kisichozidi miezi 6, fuata mkali, wengine watatosheka.

Mpangilio ninaoupendekeza: CRB mwezi wa Agosti, kwa sababu ndiyo yenye makosa ya kurekebisha na marekebisho hayafanyiki kwa siku moja. KRA Septemba. Tabia njema mwanzoni mwa Oktoba, si kabla, ili kisizeeke kikiwa mfukoni. Ukianza na tabia njema Januari kwa kuona umejipanga mapema, ukifika Desemba kimeshatimiza miezi 11 na unalipa tena.

Cheti cha tabia njema chenyewe unaanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa DCI. Ada ni shilingi 1,050. Ukishalipa, chapisha risiti pamoja na fomu C24, ile ya alama za vidole. Hapa ndipo wengi hurudishwa: C24 ina pande mbili na inatakiwa ichapishwe mbele na nyuma ya karatasi MOJA. Mwambie wa saiba (duka la intaneti) hivyo kabla hajabonyeza, vinginevyo utapata karatasi mbili zisizokubalika. Halafu nenda Huduma Centre, ile ya Posta, Digo Road, ukiwa na kitambulisho halisi, si nakala.

Alama za vidole zikitoka vibaya, ombi hukwama na unarudi foleni upya. Kila kidole hubingirishwa kwenye wino kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi ukingo wa pili, kisha hivyohivyo juu ya karatasi, mara moja tu, bila kurudia. Anayebingirisha ni afisa. Wewe legeza mkono kabisa, tazama kando ikibidi, maana ukimsaidia kusukuma mistari inavutika na kuwa doa. Joto letu nalo lina yake: vidole vikiwa na jasho wino unatawanyika, vikiwa na mafuta ya nazi haushiki. Beba kitambaa kikavu, osha mikono kwa sabuni kabla ya zamu yako. Akina mama ambao piko imewachubua ngozi za ncha za vidole wasubiri ngozi irudi. Rangi si tatizo kubwa, tatizo ni ile ngozi iliyobanduka, kwani mistari nayo imeondoka.

Ukitoka hapo jipe mwezi mzima kabla ya kuanza kuhangaika.

Deni_Na_Dawa

Nitajibu la CRB, nalo nitalirefusha kwa sababu ndilo lenye uvumi mwingi.

CRB zenye leseni ya Benki Kuu ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya kupata taarifa yako bila malipo mara moja kwa mwaka, na haki hiyo iko kwa kila moja. Chukua zote tatu. Wakopeshaji hupeleka habari zao kwa wote, lakini hazisasishwi zote siku moja, na kosa lililofutwa kwa mmoja laweza kuwa bado limekaa kwa mwingine. Wewe hujui kampuni yako ya bima imejiunga na ipi.

Usichanganye *cheti* na *taarifa*. Cheti cha CRB ni ukurasa mmoja unaosema huna deni lililoharibika. Cha mara ya kwanza hakilipiwi tangu kanuni za 2020, vya baadaye hulipiwa. Taarifa ni kitabu kizima: kila akaunti ya mkopo, tarehe ilipofunguliwa, kiasi, salio, siku za kuchelewa, mkopo uliofungwa, na pia orodha ya waliokufungulia faili kukutazama. Barua nyingi zinaandika "CRB" tu. Uliza ni ipi wanayotaka. Wakisema taarifa, basi hata mikopo unayoilipa vizuri wataiona, pamoja na jumla ya madeni yako yote.

Sasa wanatafuta nini humo? Hawakukopeshi, kwa hiyo alama ya mkopo yenyewe si kitu kikubwa kwao. Wakala anapitisha mikononi pesa za watu ambazo si zake. Mtu mwenye mikopo sita ya simu iliyochelewa, akiwa na premiamu (malipo ya bima) ya matatu ya mteja mfukoni siku ya Ijumaa, yuko kwenye jaribu. Hilo ndilo wanaloliogopa. Wanaangalia mikopo iliyoharibika, yaani iliyopita siku 90 bila kulipwa, na wanaangalia mwelekeo: je, mwaka jana alikuwa na mmoja na mwaka huu minne? Ndiyo maana wanarudia kila mwaka. Picha ya siku ya kusaini mkataba haisemi chochote kuhusu leo.

Yanayowaangusha watu ambao kwa kweli hawana tabia ya kudhulumu ni haya:

- Vijideni vya simu vilivyosahaulika. Laini ilipotea, mkopo ukabaki. Habari mbaya ya deni lisilofika shilingi 1,000 haipaswi kupelekwa CRB tangu 2020, lakini mkopo wa 700 ulioachwa na kuongezewa faini huvuka kiwango hicho bila wewe kujua.
- Udhamini wa Sacco. Uliyemdhamini akiacha kulipa, jina lako linaingia hesabuni. Waliodhamini watu watano miaka mitatu iliyopita hawakumbuki hata majina.
- Deni lililolipwa lakini mkopeshaji hakusasisha. Hili ndilo la kawaida kuliko yote.
- Nambari ya kitambulisho iliyoandikwa vibaya, deni la mtu mwingine likakaa kwako. Soma kila akaunti, hata usiyoitambua usiipite.

Dawa yake: kosa likiwa la mkopeshaji, usianze kwa kupiga simu. Andika. Peleka kwa CRB malalamiko ya maandishi yenye nambari ya akaunti kama ilivyo kwenye taarifa, nakala ya kitambulisho, na ushahidi wa malipo. Ushahidi mzuri ni barua ya mkopeshaji inayosema deni limekwisha, ikiwa na tarehe. Ujumbe wa M-Pesa pekee unasaidia, lakini haumfungi mtu. Nakala moja ya malalamiko mpelekee mkopeshaji mwenyewe, kwa sababu CRB haiwezi kufuta kitu kwa kuhurumia: inamuuliza aliyeleta habari, naye asipoulizwa kutoka pande mbili hulala.

Tena, mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya. Kama hukuipata, liandike hilo pia katika malalamiko.

Na wale wanaotangaza Mwembe Tayari na Facebook kwamba "wanasafisha CRB" kwa elfu tatu, usiwape hata nambari ya kitambulisho. Hakuna mlango wa nyuma wa kufutia habari ya kweli. Unalolipia ni cheti ambacho ungekipata mwenyewe, au karatasi ya kughushi ambayo itakuondolea uwakala haraka kuliko deni lenyewe.

KalamuYaSheria

Kuhusu fomu ya idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini iwe ya jambo mahususi, itolewe kwa hiari, na mwenye data aweze kuiondoa. "Wakati wowote itakapoona inafaa" haisemi data gani, kutoka wapi, wala kwa nini. Wengi wa kampuni hawana nia mbaya, waliinakili tu kutoka fomu ya zamani. Kwa hiyo usikatae, rekebisha. Waandikie barua fupi ya heshima ukiomba fomu itaje haya:

Taasisi zitakazoulizwa kwa majina. Mara ngapi kwa mwaka, na kama kuna upekuzi wa ziada, ni jambo gani litauleta, kwa mfano malalamiko ya mteja au premiamu iliyochelewa kuwasilishwa. Nani ndani ya kampuni ataiona. Itatunzwa muda gani baada ya mkataba kuisha. Na kwamba utapewa nakala ya kilichopatikana kabla uamuzi dhidi yako haujakatwa.

Hilo la mwisho ndilo la kushikilia ukilazimika kuacha mengine. Ukiona taarifa kabla ya uamuzi, unaweza kuonyesha kosa lililomo. Ukiletewa barua ya kusimamishwa kwanza, unaomba huruma badala ya kujitetea. Kifungu cha 35 cha sheria hiyo pia kinakulinda dhidi ya uamuzi mzito unaotolewa na mashine peke yake. Mfumo ukikukataa, una haki ya kuomba binadamu aupitie upya.

Ukishindwana nao kabisa, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na sheria inampa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Lakini nisikufiche: kuondoa idhini ni haki yako, nayo kampuni haina lazima ya kuhuisha mkataba na mtu asiyepekuliwa. Ndiyo maana nasema rekebisha fomu kabla ya saini.

Wakala_Makupa

Shukran sana, mmenifungua macho. Nina mawili ya nyongeza. Deni likishalipwa, je, linatoka kwenye taarifa? Na mtu aliyewahi kushtakiwa, kesi ikaondolewa mahakamani, cheti cha tabia njema kitatoka kisafi?

Deni_Na_Dawa

Halitoki mara moja. Linabadilika hali: kutoka deni lililoharibika kuwa lililolipwa, lakini historia hubaki miaka 5 tangu siku ulipolimaliza. Cheti utapata, kwa kuwa hudaiwi. Taarifa itaendelea kuonyesha kwamba ulichelewa. Kwa hiyo kampuni ikiomba taarifa, usingoje ikuulize. Ambatisha barua ya mkopeshaji na maelezo ya mistari mitatu: deni la nini, lilichelewa kwa nini, lilimalizwa lini. Mkaguzi anayekuta doa lililoelezwa huweka alama na kuendelea. Akikuta lisiloelezwa, analazimika kuandika ripoti.

Uangalie pia namna unavyolipa. Ukimpa mkopeshaji nusu kwa makubaliano ya kusamehewa nusu, pata makubaliano hayo kwa maandishi kabla hujatuma hata shilingi, na yaseme salio litasomeka sufuri. Bila hivyo kile kilichosamehewa hubaki kikionekana kama unadaiwa.

KalamuYaSheria

Kuhusu kesi: inategemea iliondolewa kwa kifungu gani cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mlalamishi akiiondoa mwenyewe chini ya kifungu cha 204, mahakama humwachilia huru mshtakiwa, imekwisha. Mwendesha mashtaka akiiondoa chini ya 87(a), mshtakiwa anaachiliwa, lakini anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Karatasi zote mbili watu wa mtaani huziita "kesi iliondolewa", ila aliyezoea kusoma atatofautisha.

Alama za vidole zilizochukuliwa siku ya kukamatwa hubaki kwenye kumbukumbu, na habari za mwisho wa kesi hazisafiri zenyewe kutoka mahakamani hadi DCI. Basi usiombe cheti kwanza. Nenda sajili ya mahakama iliyosikiliza kesi, omba nakala ya amri iliyothibitishwa kwa muhuri, ukiwa na nambari ya kesi na mwaka. Iwasilishe DCI ili kumbukumbu isahihishwe, kisha ndipo uombe cheti. Faili za zamani huchukua muda kutafutwa, hivyo mwenye jambo hili aanze Julai.

Na kama fomu ya kampuni inauliza "umewahi kushtakiwa?", jibu ndiyo na ueleze. Swali la kushtakiwa si swali la kuhukumiwa. Wakala akikosea hapo, kosa linakuwa la kusema uongo, na hilo halina amri ya mahakama ya kulisafisha.

Mhasibu_Ganjoni

Naongeza la KRA maana mmeliruka, nalo ndilo rahisi kuharibika kwa wakala.

Kampuni ikikulipa kamisheni inakata kodi ya zuio, yaani inayozuiwa kabla hujalipwa, asilimia 10. Ya mabroka ni 5, usijilinganishe nao. Mawakala wengi hudhani ikishakatwa wamemalizana na serikali. Sivyo. Ile ni malipo ya awali tu. Bado unatakiwa kuwasilisha ritani (taarifa ya mapato yako ya mwaka) kabla ya tarehe 30 Juni, uonyeshe kamisheni yote, utoe gharama zako, halafu ile 10 ipunguzwe kutoka kodi unayodaiwa.

Kosa linaloua ni ritani ya sufuri, ile inayosema hukupata kitu. Mtu anaenda saiba, anaulizwa "umeajiriwa?", anasema la, anawekewa sufuri kwa shilingi mia. Wakati huohuo iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, ina vyeti vya zuio kutoka kampuni tatu vinavyoonyesha alipata kamisheni mwaka mzima. Akija kuomba cheti cha kodi, hesabu mbili hazipatani, ombi linakataliwa, na hapo ni Desemba.

Fanya hivi: ingia iTax, toa orodha ya vyeti vya zuio vya mwaka, ulinganishe na taarifa za kamisheni za kila kampuni. Kikikosekana cheti, idai kampuni mara moja, kwa sababu bila cheti ile asilimia 10 haihesabiwi na utailipa mara ya pili. Kama ulishaweka sufuri, wasilisha ritani ya marekebisho. Ukichelewa ritani, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ile iliyo kubwa. Cheti kikitoka ni bure na kinadumu miezi 12.

MezaYaBima

Mhasibu amesema kweli. Nami niongeze mawili.

Kuna upekuzi ambao haumo kwenye barua yoyote, nao ndio unaofanywa kila mwezi: akaunti yako ndani ya kampuni yenyewe. Kampuni haichukui hatari kabla premiamu haijalipwa, kwa hiyo mkaguzi anaangalia pengo la siku kati ya tarehe mteja alipokulipa na tarehe kampuni ilipopokea. CRB safi haitakuokoa pengo likiwa siku 20. Mwelekeze mteja alipe moja kwa moja kwenye paybill ya kampuni akiandika nambari ya gari au ya mkataba. Asiyeweza na akakupa mkononi, zipeleke siku hiyohiyo, zote, bila kujikatia kamisheni kwanza. Kujikatia ndiko kunakoleta salio la 1,350 hapa na 2,200 pale, na baada ya miezi sita hakuna anayejua ni la gari lipi. Kila mwisho wa mwezi omba taarifa ya akaunti, ulinganishe mstari kwa mstari: nambari ya mkataba, kiasi kilichodaiwa, risiti. Mstari usio na risiti uufuate kabla ya tarehe 5.

La pili ni majina, na hapa Pwani linatusumbua kweli. Kitambulisho kinasema Mohamed, KRA Mohammed, cheti cha chuo cha bima Muhammad. Kwa mwingine ni Fatuma na Fatma, au jina la babu lipo huku na kule halipo. Cheti cha DCI hufuata kitambulisho, CRB hushika zaidi nambari ya kitambulisho, lakini karani wa kampuni analinganisha herufi kwa macho na akiona tofauti anarudisha faili nzima. Tengeneza hati ya kiapo moja kwa wakili, itaje kila tahajia jinsi ilivyo kwenye kila karatasi pamoja na nambari ya karatasi hiyo. Toa nakala tatu zilizothibitishwa na uziambatishe tangu mwanzo. Hati hiyo utaitumia tena mwakani. PIN ya KRA, hata hivyo, isahihishe kabisa, kwa sababu vyeti vya zuio vinatoka kwa jina lililoko huko.

Wakala_Makupa

Nimeandika yote. Agosti ndiyo hii, naanza na zile taarifa tatu za CRB wiki hii, na barua ya kurekebisha fomu naipeleka pamoja na orodha ya Kalamu. Mungu awalipe.